Iko Njiani

Siku ile ya kwanza hospitalini nilimkasirikia mwanamke mmoja aitwaye Blandine. Muuguzi alitokea mlangoni, barakoa usoni, faili mkononi, akaita, "Mianda Blandine!" Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, sauti ikifia ndani ya kile kitambaa cha mdomoni. Tuligeuka huku na huku. Mimi nilimtafuta huyo Blandine kwenye viti vya plastiki, nikamtafuta kwenye benchi la nje, hata kule ukutani ambako vijana wa moto, yaani pikipiki, hungojea abiria. Hayupo. Muuguzi akaiweka faili yake chini ya nyingine zote, akaita mtu mwingine.

"Angalia batu ya siku hizi," nikamwambia Mama Louis, jirani yangu, aliyeketi kando yangu na kikapu mapajani. "Mutu anapata randevu, anabakia ku nyumba. Na siye tuko hapa tangu asubui na njaa."

"Pengine iko na bahati. Pengine alipona."

"Na haina hata na jirani ya kumujibia?"

"Ba jirani balikwisha na Kampuni, mama," akasema, akafungua kikapu na kunikatia kipande cha kikanda, ule mkate wa viazi vya porini, wenye pilipili ya kutosha kumfufua maiti.

Niseme kwanza tulifikaje pale. Mimi ni mjane wa Nkongolo, aliyekuwa fundi wa treni za madini za Kampuni. Mama Louis alikuwa mjane wa Ntambwe, aliyefanya kazi shimoni. Wazee wetu waliletwa kutoka Kasai kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, nasi tukazaliwa humu humu Kolwezi, tukaolewa humu humu, tukapewa nyumba mbili zenye ukuta mmoja kule Kapata, kambi ya wafanyakazi. Mtoto wangu wa kwanza ni Stanislas, wake ni Louis. Ndiyo maana mimi ni Mama Stani na yeye Mama Louis, na tangu wale watoto wakiwa mgongoni hatukuwahi kuitana vingine.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, sista wa zahanati ya parokia alitupima tension, yaani presha. Akatazama mashine yake, akanitazama mimi, akatazama mashine tena. Alipompima Mama Louis akakaa chini kabisa.

"Ninyi wawili munatembea namna gani?" akauliza.

"Na miguu, sista," Mama Louis akamjibu.

Sista hakucheka. Alitupa vidonge vichache, akasema hivyo ni vya kuvukia tu; lazima daktari wa hospitali atuone na atuandikie dawa yenyewe, ya kunywa kila siku, kwa sababu damu ikipanda namna hiyo humwangusha mtu bila kupiga hodi. Mwanangu Stani akachukua kadi zetu za uchaguzi, akaenda kutuandikisha. Alirudi na randevu, tarehe moja kwa wote wawili: miezi mitatu mbele.

Miezi mitatu! Kwa muda huo mahindi ya uani hupandwa, yakakua, yakachomwa. Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo walikuwa na afya nzuri. Sisi ilituumiza kichwa, hasa Mama Louis, ambaye jioni nyingine alijifunga kitambaa chenye maji usoni na kuniambia anasikia malori yakipita ndani ya masikio. Lakini tulingoja. Siku ilipofika tulivaa vitenge vya misa, tukapanda moto moja sisi wawili, na kijana wa watu akaanza kutuambia habari za tairi lake. Nilimwambia aendeshe, mambo ya uzito wetu amwachie Mungu.

Kungoja sikuanza mwaka jana. Maisha yangu yote nimengoja, kama kila mwanamke wa kambi. Lakini kungoja kwa zamani kulikuwa na utamu wake, nasema wazi, na mwanangu akicheka na acheke.

Zahanati ya kambi ilikuwa na sakafu nyekundu iliyopakwa nta mpaka unauona uso wako. Mlangoni palikuwa na dirisha dogo, na ndani ya dirisha alikaa Tata Kabemba, mtu wa kaskazini ya Katanga, mfupi, mwenye sauti iliyofika mpaka kantini. Yeye hakuita majina. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake ya kazi, matricule, na mke na watoto waliishi chini ya namba hiyo shuleni, kwenye posho na kwa daktari. Mume wangu alikuwa 7714. Kabemba aliisema kwa Kifaransa cha Wabelgiji, polepole, kama padri anayeinua ekaristi: "Bibi ya septante-sept quatorze!" Kwetu bibi ni mke. Nami nilisimama, nikatengeneza kitenge, nikapita mbele ya wenzangu wote. Nyumbani kwa baba niliitwa Bebe mpaka siku ya ndoa, kwa hiyo msinishangae nikisema kwamba namba ile ndiyo ilikuwa jina langu la kwanza la mtu mzima.

Na palikuwa na sheria, ambayo haikuandikwa popote. Namba ikiitwa na mwenyewe hayupo, haikuachwa ianguke chini. Jirani alijibu kwa sauti, "Iko njiani!" Kabemba akaiweka kando kidogo, akaita inayofuata, kisha akairudia. Hivyo mtu aliweza kuacha kiatu kimoja kwenye benchi, akaenda kantini kuchukua unga na samaki wa posho, akapita foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake, kutazama wenzake wanashona nini, akarudi na kukuta zamu inamngojea yeye. Siku hizi ni wewe unayeingoja zamu, na ukienda kujisaidia tu imekuruka.

Mama Louis aliitumia sheria ile kuliko mtu yeyote. Mwanamke yule hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Mara anamalizia kusonga nshima, ugali wetu, mara anatafuta kilemba, mara karudi kufungia kuku. Namba yao 9208, nonante-deux zéro huit, ikiitwa, mdomo wangu ulijibu kabla ya akili: iko njiani! Nusu ya maisha yangu nilimjibia. Hata siku ya ubatizo wa mtoto wake mwenyewe, padri alipouliza mama wa mtoto yuko wapi, nilijibu mimi, na kanisa zima likacheka, padri pia. Akaingia mbio, unga ungali kwenye viwiko, akauliza tunacheka nini.

Kisha Kampuni ikachoka, waume zetu wakachoka nayo, wakatutangulia mmoja baada ya mwingine. Zahanati ilifungwa. Kabemba alirudi kwao, madirisha yakaondolewa, na sasa uani mwa zahanati yanalala malori ya watu nisiowajua. Nikipita pale nageuza uso. Siyo hasira, ni kwamba ninaikumbuka sakafu ile mpaka inauma.

Basi turudi ukumbini. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Vikombe vya chai vilipita, mtoto wa mtu alilia akalala, televisheni ya ukutani ilionyesha watu wakipika vyakula vya kwao. Muuguzi alitoka tena, akaita, "Tshibola Josée!" Kimya. "Tshibola Josée!" Kimya.

"Na huyu tena!" nikasema. "Blandine na Josée yake, balienda wote ku feti ya ndoa?"

"Wacha, Mama Stani. Pengine alishakufwa, masikini," Mama Louis akasema. "Na hakuna mutu alikuya kubaambia."

Tukamhurumia huyo Josée kidogo, tukamaliza kikanda.

Alasiri daktari alipita na mkoba wake, akaingia garini, akaenda. Ukumbi ulibaki na sisi wawili na mwanamke wa kufagia. Muuguzi alitoka, ameshusha barakoa, na kumbe alikuwa binti mdogo tu, mwenye uso wa uchovu. Kwenye kifua chake paliandikwa Abigaël.

"Ba mama, munangoja nani?"

"Tunangoja kuitwa," nikamwambia, na hasira ya siku nzima ikapanda. "Tangu asubui! Ao hapa munaita tu batoto ya bakubwa?"

"Jina yenu njo nani?"

Nikasimama wima, nikatengeneza kitenge. "Bibi ya Nkongolo. Septante-sept quatorze."

"Bibi ya Ntambwe," Mama Louis akasema nyuma yangu. "Nonante-deux zéro huit."

Abigaël alitutazama kwa upole, namna watu wanavyotazama wazee waliopotea sokoni. Akaomba kadi zetu. Akasoma moja, akasoma nyingine, akaweka mkono mdomoni.

"Mama," akaniambia, "weye njo Blandine."

"Nani?"

Akanigeuzia kadi. Picha ilikuwa yangu, nimevimba kwa hasira kwa sababu siku ile ya kupigwa picha pia walitungojesha. Chini yake: Mianda, jina la baba yangu. Blandine, jina nililobatizwa nalo na ambalo hakuna aliyelitumia tangu maji yale yaliponikauka kichwani. Ya Mama Louis ilisema Tshibola Josée.

Kwa hiyo nilikuwa nimejisengenya mwenyewe kutwa nzima. Nilikuwa nimejitafuta chini ya viti.

Binti wa watu alijaribu. Alipiga simu mbele yetu, akabembeleza, akajibiwa kwamba siku za daktari zimejaa. Miezi mitatu mingine. Aliandika tarehe kwenye vikaratasi viwili, na nikaona macho yake yana maji. Alisema kosa ni lake, angetuuliza mapema. Nikamwambia hapana, kosa ni la waume zetu kufa na namba zetu.

Hatukupanda moto kurudi. Tulitembea, kwa sababu tulihitaji kupoa. Malori ya madini yalitupita na vumbi lake mpaka tulipofika njia panda. Hapo Mama Louis akasimama, akanigeukia, akanyoosha mkono kama mtu anayekutana na mgeni.

"Moyo, mama," akanisalimu kwa Kiluba cha Kasai. "Mi niko Josée."

"Moyo. Mi niko Blandine."

"Blandine! Jina ya musichana ya kuvaa viatu ya kwenda juu!"

"Na Josée ni jina ya mwalimu mukali."

Tulicheka mpaka akaomba tukae. Tukakaa kwenye jiwe kando ya barabara, wajane wawili waliovaa vitenge vya misa, tumejaa vumbi, na watu wa moto wakapunguza mwendo kututazama. Yeye alicheka mkono mmoja kifuani, akivuta pumzi kwa shida, akarudia, "Blandine haina na jirani ya kumujibia!" na kuanza upya. Miaka yote ile ya kuazimana chumvi sikuwa najua jina lake. Nilipolijua nilifurahi kama niliyepewa kitu, na nilisikitika pia, maana tulikuwa tumechelewa sana kujuana.

Tangu siku hiyo tukaitana hivyo juu ya ukuta. "Josée, uko na moto?" "Blandine, kuya uonje hii matamba." Majirani vijana walidhani tumepata wageni. Asubuhi tulifanya mazoezi: yeye alishika mwiko kama faili, akajifunika mdomo kwa kitenge, akaniita kwa sauti ya puani, nami nilipaswa kujibu "Niko!" kabla hajarudia. Kisha tukabadilishana. Yeye alijibu akichelewa kila mara.

"Siku ile utachelewa tena," nikamwambia.

"Utanijibia."

"Jina haiko namba, Josée. Siku hizi habangoje."

"Utanijibia tu. Weye njo ulizoea."

Vidonge vya sista viliisha. Parokia haikuwa na vingine, na vile tulivyopata kwenye duka la dawa vilikuwa vya rangi nyingine. Alivinywa siku mbili, vikamfanya atapike. Malori ya masikioni yaliongezeka. Nilimpeleka hospitali kuomba watusogeze mbele. Abigaël hakuwa zamu siku hiyo, na mtu wa dirishani alitusikiliza vizuri kabisa, akatuambia randevu ni randevu, mama, wote wako hivyo hivyo. Na kweli ukumbi ulikuwa umejaa watu wa hivyo hivyo. Nilitaka kupiga kelele. Josée alinivuta kitenge, akasema twende, makala ya Mutshatsha, ule mkaa mzuri, yamefika sokoni, tuyawahi kabla hayajaisha.

Alianguka uani kwake mchana mmoja, akichambua majani ya matamba, tarehe yetu ikiwa bado mbali. Nilisikia ungo ukidondoka. Niliita juu ya ukuta, "Josée?" Nikaita, "Mama Louis?" Nilizunguka mbio, na mbio zangu si mbio. Majani yalikuwa yametawanyika kwenye kitenge chake, na mkono wake ulikuwa bado na joto la jua. Tension haikupiga hodi, kama sista alivyosema.

Louis alikuja kutoka Tenke na wanawe. Kilio kilikaa uani, nusu kwake nusu kwangu, maana ukuta ule haukuwahi kutenga kitu. Msalaba wa mbao ulipoletwa, umeandikwa kwa rangi nyeusi TSHIBOLA JOSÉE, wazee wa kambi ya zamani walisimama mbele yake wakiulizana. "Huyu Josée ni nani? Siye tulikuya ku kilio ya Mama Louis." Wawili walitaka kwenda nyumba nyingine. Ikabidi nizunguke kati yao, mmoja mmoja, nikiwaambia ni yeye, ndilo jina lake, karibuni mkae. Nilikuwa mtu pekee aliyelijua jina lile kwa sauti. Nilitupa udongo, nikamwita nalo, halafu nikalia hadi Stani akanishika mabega.

Tarehe yetu ikafika. Ndiyo, ilifika, kama kawaida yake, bila kujali nani yupo. Nilivaa kitenge cha misa. Nilipanda moto peke yangu, na kijana hakuwa na la kusema juu ya tairi. Njiani nilijirudia: Blandine, Blandine, Blandine. Kichwa kilinigonga, na niliogopa. Sitaki kujifanya jasiri: tangu siku ya ungo kudondoka niliogopa kila nilipoinama kuokota kitu. Nisipoitika leo, nilijua, hakutakuwa na tarehe ya tatu.

Nilichagua viti vilevile. Kikapu changu nikakiweka kwenye kiti cha pembeni bila kufikiri, na mwanamke mmoja aliponiuliza kama pana mtu nikasema ndiyo.

Abigaël alitoka na faili zake. Safari hii barakoa ilikuwa chini ya kidevu, na alisema majina kwa sauti ya kueleweka, akitutazama sisi wazee usoni. Watu waliingia na kutoka. Nami nilisikiliza kila jina kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Ndipo akaita:

"Tshibola Josée!"

"Iko njiani!"

Sauti ilikuwa yangu. Ilitoka kubwa, ya zamani, ya kufika kantini, na ukumbi mzima ukageuka. Abigaël aliniona, akanitambua, akatabasamu. Akaiweka faili kando, chini ya nyingine zote, akaita jina lililofuata.

Niliketi. Sikukusudia. Nilijua vizuri alipo. Udongo wake niliutupa kwa mkono huu. Kumbe hakuna mtu aliyekuja kuwaambia, kama alivyosema mwenyewe juu ya yule Josée tuliyemhurumia. Ningeweza kusimama pale pale na kusema neno moja, binti wa watu aitoe ile faili. Sikutaka. Madhali ilikuwa imewekwa kando tu, basi Josée alikuwa amechelewa tu, kama siku zote: anamalizia kusonga nshima, anatafuta kilemba, karudi kufungia kuku. Nilimpa asubuhi ile. Kila mlango wa nje ulipofunguka nilitazama, na sioni haya kusema kwamba nilitazama kweli.

Faili zilipungua. Ile ya chini ilikaa chini.

"Mianda Blandine!"

"Niko!" nikajibu kabla hajarudia, kama tulivyofanya mazoezi, na mtu fulani nyuma yangu akacheka.

Daktari alikuwa kijana, mikono yake baridi, hana maneno mengi. Alinifunga kile kitambaa mkononi, kikavimba, kikanikaba, kikalegea. Akapima tena upande wa pili. Akaandika dawa, ya kunywa kila siku, akaniambia dirisha gani nichukue, nipunguze chumvi, nisibebe maji.

"Tension iko juu, mama," akasema. "Lakini ulikuya kwa wakati."

Nilitaka kumuuliza kwa wakati wa nani. Lakini alikuwa mtoto wa watu, naye pia alikuwa hajala tangu asubuhi. Mkate wake uliofungwa kwenye mfuko ulikuwa mezani, haujaguswa. Nikamshukuru. Akasema nirudi baada ya miezi mitatu.

Nilichukua dawa yangu dirishani, nikarudi ukumbini kuchukua kikapu. Viti vilikuwa vitupu, mwanamke wa kufagia ameshaanza safu ya mbele. Kikapu kilikuwa kimekaa peke yake pale nilipokiacha. Abigaël alisimama mlangoni mwa daktari na faili moja tu mkononi.

"Mama Blandine," akaniita kwa sauti ya chini, "docteur anataka kufunga. Na Mama Josée? Ulisema iko njiani."

Nilikinyanyua kikapu, nikakishika kwa mikono miwili.

"Alishafika, mutoto yangu," nikamwambia. "Miye njo niko njiani."